Maarifa ya Nyumbani: Chupa Iliyolala Si Chupa Iliyokufa

Jumapili moja baada ya ibada alinijia nyumbani mama mmoja jirani, mke wa askari, akiwa na kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa mbili kubwa za pombe ya ndizi, amezifunika kwa kitambaa kama mtu ampelekaye mtoto mgonjwa zahanati. Watu wa hapa Bugeshi huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu, ijapokuwa kazi yangu ya sasa ni ya ofisini. Kwa sababu hiyo huletewa maswali ya kila namna, kuanzia hesabu za watoto hadi magonjwa ya viazi.

"Mwalimu," alisema baada ya kusalimiana, "pombe hii niliitia chupani siku kumi na mbili zilizopita. Mwisho wa mwezi ujao bwana wangu atapata ruhusa, nasi tutateremka Gisenyi kumposea mdogo wake. Nimefuata kila nililofundishwa na mama yangu. Lakini nikifungua chupa, haisemi neno. Haina mlio, haina povu, imetulia kama maji ya kisimani. Je, niongeze sukari?"

Akaifungua moja mbele yangu. Kweli, haikusema neno.

Nilimjibu upesi kuliko adabu itakavyo: "Hapana, mama. Sukari usiongeze hata chembe." Sababu ya haraka yangu nitaieleza mbele, maana inanihusu mimi mwenyewe na si ya kujivunia. Kwanza yatupasa tulieleze jambo lenyewe, kwani najua kuwa si mama huyu peke yake mwenye shida hiyo. Jamaa wengi waliohamishiwa huku milimani kutoka sehemu za joto hukutana nayo. Utaratibu uleule uliofaulu Bugarama au Kigali huonekana kushindwa hapa, nao hudhani kwamba ndizi ni mbaya, au chupa ni mbaya, au kwamba wamerogwa.

GESI HUTOKA WAPI?

Wazee wetu waliijua kazi hii pasipo vitabu. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, kisha hukandwa kwa nyasi katika hori la mbao, umuvure, mpaka maji yake matamu yatoke. Maji hayo huchujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Halafu hufunikwa mahali penye joto kwa siku mbili tatu ili yachachuke. Hiyo ndiyo urwagwa yetu ya Rwanda, ndugu yake kasiksi ya Kivu nchini Kongo na rubisi ya Kagera nchini Tanzania. Wachaga wa Kilimanjaro nao huchanganya ndizi na ulezi wakapata mbege.

Kinachofanya kazi hiyo ni hamira, yaani viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya bia, akionyesha kuwa kuchachuka kwake, na hata kuharibika kwake, ni kazi ya viumbe hai vya namna hiyo. Hamira hula sukari, na baada ya kula hutoa vitu viwili: kileo na hewa ukaa. Katika chungu kilicho wazi hewa hiyo hupotea. Katika chupa yenye kizibo kilichokaza haina pa kwenda, basi huingia ndani ya pombe na kukaa humo mpaka siku ya kufunguliwa. Ndiyo gesi ile tuisikiayo ikilia na kuiona ikipanda kuwa povu.

Kwa hiyo mtu atiaye pombe chupani huitilia sukari kidogo sana, iwe chakula cha mwisho cha hamira iliyobaki. Ni vizuri kukumbuka kuwa bia ya kiwandani haiendi hivyo. Viwanda vingi huchuja hamira, hutia gesi kwa mashine, na chupa hutoka kiwandani ikiwa tayari. Chupa yetu ya nyumbani ni kitu hai. Ina mashapo chini, nayo huendelea kufanya kazi baada ya sisi kuifunga. Anayeitarajia itende kama bia ya dukani anaionea.

BARIDI YA MLIMANI

Kiumbe hai huhitaji joto, na hapa ndipo chanzo cha malalamiko mengi yatokayo Bugeshi. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu ya mita 2000, kwenye mteremko uelekeao Karisimbi, mlima wenye mita 4507. Kila mtu apandapo mita 1000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Ndiyo maana jirani zetu wa Gisenyi hukaa jioni kibarazani kwa shati moja, nasi wakati huohuo tunatafuta koti.

Hamira nyingi za pombe hufanya kazi vizuri penye nyuzi 20 hadi 25. Hapo chupa iliyotiliwa sukari kwa kipimo hupata gesi ya kutosha kwa muda wa majuma mawili. Penye nyuzi 15 kazi hiyo huweza kuchukua mwezi mzima na zaidi. Joto likishuka karibu na nyuzi 10, hamira nyingi hujikunyata na kulala chini ya chupa pamoja na mashapo. Hazifi. Zimelala tu, kama mlinzi aliyezidiwa na baridi ya alfajiri, na siku zitakapopata joto zitaamka na kudai chakula chote kilichobaki.

Maneno haya ya mwisho ndiyo moyo wa mazungumzo yetu ya leo. Chupa iliyo kimya huku Bugeshi haituambii kwamba haina sukari. Huenda inayo, tena nyingi kupita kiasi, ila mla sukari amelala.

MASWALI MATANO KABLA YA DAWA

Mganga mwema huuliza kabla ya kutibu. Nami nilimwuliza yule mama maswali matano, ambayo kila msomaji aweza kujiuliza nyumbani kwake.

Swali la kwanza: chupa zimekaa wapi, na kwa siku ngapi? Zake zilikaa ghalani, juu ya sakafu ya saruji, siku kumi na mbili. Saruji ya Bugeshi usiku ni baridi kama chuma. Siku kumi na mbili mahali hapo hata si nusu ya safari.

Swali la pili: vizibo vimekaza? Kizibo cha bati kilichotumika mara moja kikapindwa na kurudishwa hakifai tena. Hata kilicho kipya huvuja iwapo mdomo wa chupa una pengo. Ichukue chupa moja, izamishe shingo yake katika bakuli la maji ya uvuguvugu, ukaitazame kwa dakika kadhaa. Viputo vidogo vikipanda vikifuatana kutoka ukingoni mwa kizibo, basi gesi inatoroka, wala hakuna kungoja kutakakosaidia. Vizibo vya mama huyu vilikuwa vizima.

Swali la tatu: linalokosekana ni gesi au ni povu tu? Watu huvichanganya. Bilauri iliyooshwa kwa sabuni isisuuzwe vizuri, au yenye mafuta ya mdomo na ya chakula, huliua povu hata la bia iliyo bora. Ikiwa chupa imelia ilipofunguliwa na ulimi unachomwachomwa, gesi ipo. Osha bilauri, usiilaumu pombe. Kadhalika chupa ifunguliwayo ingali na joto humwaga gesi yake yote kwa mara moja, kisha hubaki bila uhai. Ikishaiva, yafaa ikae mahali pa baridi siku moja au mbili kabla ya kunywewa, ili gesi itulie ndani. Kwa jambo hilo Bugeshi hatuna haja ya jokofu.

Swali la nne: hamira ilikuwapo? Anayechemsha pombe baada ya kuchachuka ili ikae muda mrefu huwa ameiua hamira yote, na anayetumia chupa zenye mabaki ya dawa kali ya kuoshea hufanya karibu kosa hilohilo. Lakini ukiona utando wa mashapo ya rangi ya maziwa chini ya chupa, hamira ipo.

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote: pombe ilikuwa imekwisha kuchachuka ilipotiwa chupani? Mama alinijibu kwa uhakika, "Siku tatu, Mwalimu, kama kawaida." Nikamwuliza mama yake anaishi wapi. Akasema Bugarama.

Hapo tuliielewa chupa. Siku tatu za Bugarama, bondeni penye joto, si siku tatu za Bugeshi. Nilimwomba aionje pombe ile aliyoifungua, lakini aionje kwa kutafuta utamu. Akaionja na kunyamaza kidogo. "Ni tamu," alisema. "Tamu kama ilivyokuwa siku ya kwanza." Pombe yake haikuwa imekwisha hata nusu. Ilikuwa imelala na chakula chote mezani, juu yake kijiko cha sukari cha siku ya kufunga, na sasa alitaka kuongeza kingine, kisha azipakie chupa hizo katika gari na kuziteremsha kwenye joto la Gisenyi.

KISA CHANGU MWENYEWE

Nilimjibu kwa haraka kwa sababu jambo hilo mimi nililitenda. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi huku juu. Nilikuwa kijana aliyejiona amesoma, nikataka kumpelekea kaka yangu, aishiye chini karibu na ziwa, chupa ishirini za pombe niliyoipika mwenyewe. Baada ya siku kumi nilifungua moja nikaikuta kimya. Sikuuliza mtu. Nilizifungua zote, nikatia kila moja kijiko cha chakula cha sukari, nikazifunga upya na kuzipeleka. Kaka yangu alizihifadhi katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

Siku ya nne, saa saba mchana, chupa moja ilipasuka. Vipande vyake viliipiga ya pili, nayo ikapasuka, na ya tatu. Wakati huo mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameingia kibandani kufuata mpira wake. Kipande cha chupa kilimchana juu ya nyusi, upana wa vidole viwili kutoka kwenye jicho. Alishonwa, akapona, na leo ni kijana mkubwa anayecheza mpira vizuri. Lakini kovu lipo, na kila nikimwona hulitazama hilo kabla ya kuutazama uso wake. Kaka yangu hajawahi kunilaumu kwa neno lolote, na hilo ni zito kuliko lawama.

Baadaye niliketi nikapiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga mapema. Gramu 1 ya sukari, ikiliwa yote na hamira, hutoa karibu nusu gramu ya hewa ukaa. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, huhitaji gramu 4 tu za sukari, nazo hutoa gramu 2 za gesi. Gesi hiyo ikiachwa huru hujaza chombo cha lita moja na zaidi kidogo. Kuibana lita hiyo ndani ya chupa iliyokwisha kujaa pombe ni kazi ya kutosha, kwani kani yake hulingana na ile ya upepo katika gurudumu la gari dogo. Mimi, pamoja na kijiko cha kwanza, nilikuwa nimetia gramu 16. Hizo ni lita nne na zaidi za gesi katika kila chupa, mbali na utamu wa ndizi ambao haukuwa umeliwa. Hakuna chupa ya kawaida inayopaswa kubebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Hatukuwa wa kwanza kufundishwa na vipande vya chupa. Katika karne ya 19, huko Ufaransa katika jimbo la Champagne, wafanyakazi wa maghala ya mvinyo wenye povu walivaa vinyago vya chuma usoni, kwa jinsi chupa zilivyokuwa zikipasuka. Katika miaka ya 1830 mfamasia mmoja wa mji wa Châlons, jina lake François, alionyesha namna ya kupima sukari iliyomo katika mvinyo kabla ya kuufunga, na hasara ikaanza kupungua. Dawa ilikuwa kupima kwanza, kisha kufunga.

NAMNA YA KUIAMSHA

Sasa tuje kwenye dawa. Ziko mbili, na ulimi ndio utakaoamua itumike ipi.

Ikiwa pombe si tamu tena, imekuwa kavu na kali kidogo, nawe unakumbuka kuwa ulitia sukari kwa kipimo, basi huhitaji kuongeza kitu ila joto na siku. Ziondoe chupa sakafuni. Zipange zikiwa zimesimama ndani ya sanduku la mbao lenye nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Katikati weka dumu la maji ya moto lililofungwa vizuri, kisha funika sanduku lote kwa blanketi kuukuu na kuweka ubao juu yake. Badili maji kila jioni. Maji yawe ya moto wa kuvumilika mkononi, yasiwe ya kuchemka, wala dumu lisigusane na chupa. Mara moja kila baada ya siku mbili, ukiwa umevaa koti zito na kukinga uso, ipindue kila chupa polepole juu chini mara moja ili hamira iliyolala iinuke kutoka kwenye mashapo. Usiitikise. Ngoja majuma mawili kabla ya kufungua ya kwanza.

Ikiwa pombe bado ni tamu, kama ya yule mama, usizipashe joto chupa zilizofungwa. Zifungue zote zikiwa bado baridi, asubuhi na mapema, moja moja, huku shingo imefunikwa kwa kitambaa kinene. Rudisha pombe yote taratibu katika dumu safi lililojaa hadi karibu na shingo, ili hewa ya nje isipate nafasi ya kuigeuza siki. Legeza mfuniko, au pitisha mrija mwembamba kutoka mfunikoni hadi ndani ya kikombe cha maji. Weka dumu mahali penye joto. Viputo vitaanza kupanda kikombeni. Siku vitakapokuwa vimekoma kwa siku tatu mfululizo, ionje tena.

Usiuamini ukimya huo upesi, kwa maana baridi nayo hunyamazisha. Chota bilauri moja, ifunike, iweke karibu na mafiga siku mbili. Ikianza kutoa viputo tena, pombe haikuwa imekwisha. Ikibaki tulivu na ladha kavu, imekwisha kweli, na sasa waweza kuifunga.

KIPIMO KISICHODHURU

Kwa kila lita ya pombe iliyokwisha kuchachuka, tia gramu 6 za sukari nyeupe, basi. Kwa lita 20 ni gramu 120. Chemsha sukari hiyo katika vikombe viwili vya maji, iache ipoe kabisa, kisha ichanganye na pombe yote ndani ya dumu kabla ya kujaza chupa. Njia hii ni bora kuliko kupima chupa kwa chupa, kwani mkono huchoka, na chupa moja hupata mara mbili na nyingine hukosa kabisa. Iwapo huna mizani, kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, kisicho na mlima juu, hubeba karibu gramu 4. Hicho kimoja chatosha chupa kubwa moja.

Tumia chupa za bia tu, nene, zisizo na ufa wala pengo. Chupa za mvinyo wa kawaida, za pombe kali na mitungi ya jamu hazikuumbwa kushika gesi. Acha nafasi tupu ya vidole viwili chini ya kizibo.

Kisha fanya jambo moja dogo ambalo lingaliniokoa mimi. Katika kila mapishi, jaza chupa moja ya plastiki ya soda, ikamue kidogo hewa itoke, uifunge na kuiweka pamoja na zile za kioo. Kila siku ibonye kwa kidole gumba. Mwanzoni italegea. Ikiwa ngumu kama ile ya soda mpya ya dukani, wenzake wameiva, na ni wakati wa kuzihamishia zote penye baridi. Ikiwa ngumu kama jiwe na kitako chake kimevimba, usiziguse za kioo. Zifunike kwa magunia yaliyoloa, waweke watoto mbali, ngoja usiku mmoja wa baridi upite. Asubuhi mtu mzima mmoja, mwenye koti zito, glavu, na kitu cha kukinga macho, azifungue moja moja chini ya kitambaa. Ndugu zetu askari wamefundishwa kuwa kitu kiwezacho kulipuka hakikaribiwi kwa haraka, wala hakiendewi na watu wawili penye kazi ya mmoja. Mafunzo hayo yafae na nyumbani.

TAHADHARI YA MKAA NA YA HEWA NZITO

Nimeona watu wakipasha chupa joto kwa kuingiza jiko la mkaa katika chumba walalamo, na kufunga madirisha. Hilo halina udhuru. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Pombe yote ya Rubavu haina thamani ya pumzi ya mtoto mmoja. Dumu la maji ya moto latosha.

Aidha usiweke madumu mengi ya pombe inayochachuka katika chumba wanamolala watoto sakafuni. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hushuka na kutulia chini. Sisi wa huku tunalijua neno mazuku, yaani yale mabonde karibu na volkano ya Nyiragongo na Nyamulagira ambamo hewa hiyo hutoka ardhini na kuua mifugo na hata watu. Neno hilo la Kiswahili sasa hutumiwa na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali. Ziwa Kivu lenyewe limeshika chini yake hewa ukaa na methani nyingi mno, zikibanwa na uzito wa maji kama gesi inavyobanwa na kizibo. Kuanzia mwaka 1963 methani iliyotolewa humo ilitumika kama nishati katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Lakini huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa ukaa yake kwa ghafula, na watu zaidi ya 1700 walikufa. Dumu moja jikoni si ziwa, lakini ni hewa ileile, nayo yataka dirisha lililo wazi.

Sina haja ya kueleza mengi juu ya unywaji. Pombe ya sherehe ni ya sherehe. Aliye zamu, aliye na silaha na aliye na usukani hana sehemu katika chupa hiyo, wala mtoto. Anayetaka kuuza sharti kwanza apate kibali. Na kanyanga, hata ikisifiwa vipi, ni haramu kwa sheria ya nchi, wala safu hii haitaifundisha.

MWISHO WA MAMBO

Yule mama aliondoka siku ile akiwa na kikapu chake na karatasi niliyomwandikia. Alizifungua chupa zote alfajiri, akairudisha pombe katika dumu, akaliweka jikoni nyuma ya mafiga. Viputo viliendelea siku tisa. Siku ya pili alinitumia mtoto kuniambia kuwa kikombe "kinachemka bila moto", naye anashukuru kwamba hakuongeza sukari. Alizifunga upya kwa kipimo cha gramu 6 kwa lita, pamoja na chupa moja ya plastiki, akazilaza, au tuseme akazisimamisha, ndani ya sanduku lenye nyasi na dumu la maji ya moto. Chupa ya plastiki ilikaza siku ya kumi na sita.

Mwisho wa mwezi ule bwana wake alipata ruhusa, nao wakateremka Gisenyi. Chupa zilisafiri zikiwa zimesimama, zimefunikwa kwa gunia lililoloa, kwenye kivuli. Jumatatu jioni nilipotoka kazini nilimkuta mwanawe wa kwanza amesimama mlangoni pangu, ameshika chupa moja kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama anakusalimu. Anasema imesema."

Ndugu wasomaji, aliye na chupa zilizo kimya nyumbani leo na aanze kwa ulimi wake kabla ya kufikia kopo la sukari. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuhifadhi viazi vya mbegu visioze wakati wa masika.